Mwanamke Aliyepoteza Jembe

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na waliowahi viti vya mbele, asifiwe na sisi tunaoingia wimbo wa pili umeshaanza, tukijifanya tulikuwa nje tunakohoa.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Subira, yule anayesalimiwa kwa sauti kutoka barabarani kwa sababu asipokuwa shambani hatoki ndani. Nimeuandika ushuhuda huu kwa sababu nikisimama mbele yenu bila karatasi nitakumbuka maharage jikoni, na hamtaniona tena.

Nilizaliwa upande wa Mbeya. Nilisoma hadi kidato cha pili, na miaka ile mwanamke wa kidato cha pili alikuwa kitu cha kutazamwa. Mimi mwenyewe nilijitazama sana. Niliolewa na bwana shamba, akahamishiwa huku Ufipa, nami nikaja naye na sanduku la nguo, Biblia, na kioo kikubwa. Tulipangiwa nyumba katika kijiji kimoja cha zamani, mbali kidogo na Laela. Kazi ya mume wangu ilikuwa kuwafundisha wakulima kupanda kwa mistari iliyonyooka. Kazi yangu ilikuwa kukaa ndani, nayo niliifanya kwa bidii.

Katika kijiji kile alikuwepo mjane mmoja, Bibi Oliva. Hakuwahi kushika kalamu maisha yake yote. Lakini nusu ya akina mama waliobatizwa pale walibatizwa kwa mafundisho yake, na darasa lake lilikuwa shambani.

Mnajua kilimo cha huku. Mvua zikishakolea, majani yanakatwa na kufukiwa ndani ya udongo, yanakuwa matuta ya mviringo, yanapandwa maharage. Mwaka unaofuata matuta yanavunjwa na kusambazwa, majani yameshaoza, ndipo ulezi unapandwa. Akina mama walilima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Bibi Oliva alikuwa na desturi yake: kila tuta na neno lake. Wakianza kulikusanya anasimulia, wao wanarudia huku majembe yakienda, na tuta likifungwa neno nalo limefungwa ndani. Mwaka wa pili wakija kulivunja, mwenye shamba anaulizwa, "Hili tulilifunga na neno gani?" Asipokumbuka halivunji mpaka akumbushwe. Shamba zima lilikuwa limejaa habari za Mungu, na hakuna aliyehitaji miwani.

Mimi nikasikia. Siku moja nikatoka nyumbani kwenda kuona, na mume wangu akaniuliza mlangoni, "Mama Subira, kuna moto?" Nikamwambia naenda kukagua mafundisho. Ndiyo, ndugu zangu, nilisema kukagua.

Nikafika shambani na mwavuli, mtoto wangu Subira mgongoni, Biblia kwapani. Nikawakuta wameinama, Bibi Oliva anasimulia: "Palikuwa na mwanamke mmoja. Alikuwa na majembe kumi. Jembe moja likapotea. Akawasha taa, akafagia nyumba yote, akatafuta mpaka akaliona. Akawaita majirani, akasema, njooni mfurahi nami."

Nikasema, "Shikamoo, bibi. Lakini siyo jembe. Ni shilingi."

Akainua uso. "Marahaba, mwanangu. Shilingi?"

"Shilingi, bibi. Imeandikwa." Nikafungua, nikasoma mbele yao, nikataja sura, nikataja mstari, nikafunga kitabu kwa kishindo kidogo, kama mwalimu wangu wa kidato cha kwanza.

Akina mama wakaanza kucheka. Nasta, mwanamke kijana mwenye ulimi mkali kuliko wote, akasema, "Bibi, kumbe umetulimisha majembe hewa."

Bibi Oliva naye akatabasamu. Akasema, "Mimi nilifundishwa na mama yangu kwa masikio tu. Shilingi ikipotea nitaazima kwa jirani. Jembe likipotea hatuli. Nikadhani Mungu anatafuta kitu cha namna hiyo." Kisha akaniambia taratibu, "Basi, mwanangu, tufundishe wewe uliyeona maandishi."

Akaendelea kulima, lakini hakusema neno lingine siku ile. Tuta lile lilifungwa kimya. Nililiona likifungwa, nikafurahi.

Nikaanzisha darasa langu kwenye ghala la kijiji, lenye ubao na chaki. Walikuja wote, kwa sababu ni jambo jipya, na kwa sababu hakuna anayetaka kumkasirisha mke wa bwana shamba. Niliwauliza maswali niliyojua hawayawezi. Aliyekosea nilimwambia akae, aliyekosea tena nilimwambia akasikilize redio labda itamsaidia. Niliona huo ndio ucheshi. Bibi Oliva alikuja kila mara, akakaa nyuma karibu na magunia, mikono mapajani. Sikumuuliza kitu hata siku moja. Wiki baada ya wiki walipungua, mpaka nikabaki na ubao, Bibi Oliva, na panya wa ghalani. Na shambani walilima bila kusimulia, maana waliona aibu wasije wakakosea. Mume wangu alikuja Ufipa kunyoosha mistari ya mahindi, mimi nikanyoosha mistari ya Neno, na kwangu hakikuota kitu.

Kiangazi kikafika, likaja agizo la serikali la kuhamia kijiji kipya karibu na barabara. Siku chache tu, kisha malori. Mume wangu ndiye aliyeandika majina ya kaya. Watu walibeba milango, mitungi, kuku wamefungwa miguu. Nasta akamfuata mume wangu na karatasi zake, akamuuliza, "Bwana shamba, matuta yetu yatapanda lori la ngapi?"

Mume wangu akaita jina la kaya inayofuata. Matuta yale yalikuwa yameshaoza vizuri, yanangoja mvua yavunjwe yapandwe ulezi. Jasho la mwaka mzima lilibaki kule, na kila neno lililofungwa humo. Bibi Oliva alipanda lori akiwa ameupa mgongo upande wa mbele, anatazama mashamba mpaka yalipokwisha.

Kijiji kipya kilikuwa kimenyooka kama daftari. Ulezi haukuwepo. Tulikula mahindi ya kugawiwa, na maji yalikuwa mbali. Kisha surua ikaingia. Ilipita nyumba hii, ikaingia ile. Kwangu ilikaa siku sita, ikaondoka na Subira. Alikuwa na miaka mitatu na alikuwa ameanza kunidhihaki kwa jinsi ninavyovaa viatu kwenda uani.

Hapa, ndugu zangu, wengine katika ushuhuda wao husema, nikapiga magoti. Mimi sikupiga. Nilifunga mlango. Akina mama walilia nami siku za msiba, wakapika, wakalala chini sebuleni, na walipoondoka nilifunga mlango nikakaa ndani miezi miwili. Safari hii si kwa kupenda nyumba. Nilifungua Biblia nikatafuta. Nilijua kila kitu kilipo, sura na mstari, na hakuna hata mmoja uliogeuka kunitazama. Nikaiweka juu ya kabati, nikamwambia Mungu kwamba mimi na yeye tumemaliza. Mume wangu aliniletea uji, nikamwacha na uji wake. Alianza kukohoa nje kabla ya kuingia kwake mwenyewe.

Mwezi wa Januari, mvua inanyesha, nikasikia, "Hodi." Sikuitika. Mlango ukasukumwa. Ni Bibi Oliva, na ufagio mkononi.

Hakunipa pole. Alianza kufagia. Alifagia sebule, akafagia jikoni, akasogeza sanduku langu, akainama chini ya kitanda. Nilimtazama mpaka hasira ikanishinda.

"Bibi, unatafuta nini nyumbani kwangu?"

"Jembe," akasema, hata hakugeuka. "Jembe lako liko wapi, mwanangu?"

"Mimi sina jembe."

"Ndiyo maana silioni." Akajinyoosha, mkono kiunoni. "Wenzako wako shambani kwa Nasta. Nimekuja na la kwangu la pili. Twende."

Ndugu zangu, mimi nimesoma habari ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, ya mwanamke na taa na ufagio. Niliijua kwa moyo. Lakini siku ile ndipo nilipomwona, mzee, miguu ina matope, anafagia mvungu wa kitanda changu akinitafuta. Na mimi ndiye niliyemnyamazisha. Nililia kilio ambacho sikulia makaburini. Yeye akaweka ufagio nyuma ya mlango, akaningoja nimalize.

Tukaenda. Nasta aliponiona akaegemea jembe lake. "Jamani, Mama Subira ametoka ndani. Leo mvua itakuwa ya mawe."

Hakuna aliyemkemea, na nilishukuru, maana yeye peke yake aliniongelesha kama mtu mzima. Wakakata majani, wakaanza kukusanya tuta. Nililima vibaya kuliko mtoto. Bibi Oliva hakusimulia. Wote walikuwa kimya, majembe tu. Nikaelewa kwamba ananingoja, na tuta litafungwa tupu kama lile la mwaka jana nisiposema.

Nikasema, "Palikuwa na mwanamke mmoja." Nikainua jembe, nikalishusha. "Alikuwa na majembe kumi. Jembe moja likapotea."

Nasta akasema, "Si ulituambia ni shilingi?"

"Ni kweli, imeandikwa shilingi," nikasema. "Lakini kwa Bibi Oliva ni jembe, na mimi ndilo nililopotea."

Hakucheka. Akarudia: "Jembe moja likapotea." Wakarudia wote. Tukalifunga tuta.

Hapo ndipo Bwana aliponitoa, na siongezi chumvi. Sikuona mwanga. Nilipata malengelenge matano.

Bibi Oliva alinifundisha msimu mzima, tuta kwa tuta, na jioni mimi nikamsomea, naye akasahihisha yale aliyoyasikia vibaya, akicheka mwenyewe. Mume wangu alikuwa na agizo la kukataza matuta. Akifika karibu na shamba letu alikuwa anaanza kuangalia mawingu. Sikuwahi kumwomba Bibi Oliva msamaha kwa kinywa changu. Kila siku nilisema kesho, tukiwa wawili. Alifariki kiangazi, ameketi, anapepeta maharage. Sikuwahi, ndugu zangu. Hilo linaniuma hadi leo, na sitaki mtu aniambie kwamba alijua. Nilitaka asikie.

Mvua zilipoanza tena tulivunja tuta lile shambani kwa Nasta. Akaulizwa kama ada, "Hili tulilifunga na neno gani?" Nilijibu mimi. Udongo ulikuwa mweusi, laini. Tulipanda ulezi, ukaota.

Tangu hapo tumelima mashamba mengi, na walioingia ubatizoni kutoka matuta yale ninyi wenyewe mnawaona, wengine wamekaa mbele yangu na wanasinzia. Subira hakurudi. Na kule kijiji cha zamani lipo tuta la kwanza nililolifanya lifungwe bila neno. Nyasi zimelifunika, wala silijui tena ni lipi.

Namshukuru Mungu aliyetuma ufagio. Nawe dada unayejua kusoma kuliko wenzako, usikawie kama mimi: aliye hai mwombe msamaha leo, kabla hujafika nyumbani. Na wewe uliyejifungia, kesho asubuhi tunaanza shamba langu, karibu na kisima. Njoo hata kama huna jembe. Ninalo la pili.