Nilimwambia Nesi: Nyumbani Sili

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Na ninyi mliosimama pale mlangoni, Bwana asifiwe!

Mimi ni Baba Neema, muuza mitumba hapa Tunduma. Wengi mnanijua kama mzee wa kanisa, ila hamjui nilivyokuwa nikila. Leo nasema.

Nimezaliwa Mbozi, kwenye kahawa. Tulikula ugali wa dona, maharage, mboga za majani, na maparachichi tuliyookota chini ya mti. Nilipokuja mpakani na biashara ikakubali, kiburi kikanikamata. Nikaona chakula kile ni cha watu wasio na kitu. Asubuhi supu na chapati tatu, mchana chipsi na kuku wa kukaanga pale kwenye foleni ya malori. Soda ndiyo usiseme! Nyumbani naacha hela kidogo, nyingine inaishia tumboni mwangu. Ndugu zangu, sahani yangu moja ingelisha nyumba nzima!

Siku moja nilikuja nyumbani na mteja wangu kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Mama Neema akaandaa meza vizuri, akaleta ugali na majani ya maboga yaliyoungwa karanga. Nikamwambia mbele ya mgeni, "Chakula cha watu wa shamba hiki, unampa nani?" Nikamchukua mgeni, tukaenda kula nje. Mke wangu akakusanya vyombo. Tangu siku hiyo hakuniwekea tena sahani, na mimi sikuuliza.

Kiu ikaanza. Haja ndogo kila saa, mwili umechoka kama nimelima kutwa. Nikasema ni jua la Tunduma, nikaongeza soda! Hadi Jumapili ile niliyopewa kusoma Neno hapa mbele. Nafungua Biblia, herufi zinaogelea. Zaburi yenyewe naijua kwa moyo, basi nikaitamka huku nimeukodolea macho ukurasa kama msomaji kweli. Mkasema amina! Nilipoketi, mke wangu akaniinamia sikioni, "Baba Neema, ulifungua Mathayo."

Kesho yake akanipeleka hospitali. Sukari ilikuwa juu sana. Nesi akaniuliza, "Baba, nyumbani mnakula nini?"

Nikajibu, "Nyumbani sili."

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Mama Neema alikuwa pembeni yangu, machozi yanamtoka kimya kimya. Ndugu zangu, sukari ilinitisha, lakini yale machozi yalinivunja! Nikapewa dawa, na nesi akanieleza: ugali wa kiasi, maharage, mboga za majani kwa wingi, soda niache kabisa. Nikajisemea, huyu nesi ananirudisha kwetu Mbozi.

Tulifika nyumbani mchana. Neema alikuwa amepika, anakula na wadogo zake. Mimi mwenye nyumba nikasimama mlangoni, sijui nikae wapi! Nikasema, "Mama Neema, naomba chakula."

"Hiki cha watu wa shamba?"

Hakucheka. Nikapiga magoti mbele ya watoto. "Nisamehe. Nilikudharau wewe, na nikaudharau mkono wa Mungu uliotulisha."

Akachukua sahani, akanipakulia. Kisha akasema, "Inuka unawe. Ugali unapoa."

Haleluya! Pale ndipo Bwana aliponifungua.

Siku hizi mahindi yetu tunasaga bila kukoboa. Maharage ananiletea kaka yangu, na mboga tumezipanda kwenye viroba nyuma ya nyumba. Hela ninayoacha asubuhi inatosha, hadi mayai ya watoto yanapatikana. Dawa naendelea kunywa kama nilivyoelekezwa, sukari imeshuka, macho yametulia. Sidanganyi, kuna siku harufu ya chipsi inaniita kwa jina! Nakaza mwendo, naomba kimoyomoyo, napita.

Mama Neema, simama watu wakuone. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke huyu.

Na wewe ndugu yangu unayejisikia vibaya na unaogopa kupimwa, nakuelewa, nilikuwa hapo. Mwamini Mungu, naye atakushika mkono hata kwenye majibu usiyoyapenda. Wala usiende peke yako. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa pale kwenye benchi la hospitali, nimekushikia nafasi.