Bibi Mwaija na Tangi Moja la Dizeli

Wasikilizaji wapendwa, kama umekaa, kaa vizuri. Kama umesimama, egemea kitu. Leo tunamkumbuka dereva. Si dereva wa basi, wala si dereva wa mkubwa fulani. Tunamkumbuka Bibi Mwaija Sadala wa Handeni, mwenye pikapu ya dizeli, mvutaji wa tela, na mtu pekee ninayemjua aliyewahi kumaliza tangi zima la mafuta kwa sababu ya adabu zake. Nitaeleza.

Bibi Mwaija alifariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mimi, Yusra, ni mjukuu wake kwa ujirani, na mjukuu ni mtani. Kwetu mtani haji msibani kulia tu. Anakuja pia kumsema marehemu. Huyu mke mwenzangu alinisema tangu nikiwa darasa la kwanza mpaka nikapelekwa shule ya bweni, na huko pia alinifuata kwa simu ya matroni. Leo ni zamu yangu, na yeye hana maikrofoni.

Tuanze na pikapu. Ilikuwa ya marehemu mumewe. Binti yake, Mama Hamisa, ametuambia hivi: "Baba alipofariki, watu walianza kuuliza bei ya gari hata chai ya msiba hawajamaliza. Mama akachukua ufunguo, akaufunga kwenye pindo la khanga. Eda ilipokwisha, tukamkuta uwanja wa mpira anajifunza kurudi nyuma. Goli la upande wa kusini halijasimama mpaka leo."

Wasikilizaji wapendwa, goli halijasimama mpaka leo. Timu yetu inafungia upande mmoja tu.

Halafu likaja tela. Alilitengeneza fundi Mathias, kwa ekseli ya gari lililokufa na mbao za kitanda. Alipomaliza kulichomelea alisimama mbali, akaliangalia tela, akaiangalia pikapu, akacheka.

"Bibi, hii gari ilivute hilo? Kwanza ijivute yenyewe."

"Wewe Mathias, funga ndoano. Kucheka utacheka kwako."

Pikapu ilivuta. Ilivuta mihogo, ilivuta matofali, ilivuta bibi harusi pamoja na kabati lake. Lakini ilikuwa na tatizo moja. Ikiwa peke yake, tangi moja la dizeli lilitosha kwenda Magoma na kurudi Handeni, na mafuta yakabaki. Ikivuta tela, tangi hilohilo halikufika. Na kwenye miinuko nguvu zilikuwa zinakwisha kabisa, moshi unatoka mweusi kama wa jiko la shule yetu, gari linanung'unika, watu wa nyuma wanapiga honi.

Tatizo hilo lilikuwa la kuchekesha mpaka mwaka ule wa ukame. Nyanda za Handeni zilikauka. Naserian, mama mfugaji, alikuja kwa Bibi Mwaija akiwa amefunika uso kwa shuka kwa sababu ya vumbi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ng'ombe hawajambo?"

"Wanasimama kwa kuegemeana. Mashemeji zangu wanasema tuwapeleke mnadani Mkata. Wakienda wamekonda hivi, nitarudi na kamba tu."

Kule Magoma mabua ya mahindi yalikuwapo, ya kutosha. Kilichokosekana ni namna ya kuyafikisha. Naserian aliweza kujaza tangi moja kwa kila safari. Zaidi ya hapo, lishe ingekuwa ghali kuliko ng'ombe wenyewe. Wakakubaliana. Pikapu moja, tela moja, tangi moja.

Safari ya kwanza, dizeli iliisha njiani. Hussein wa bodaboda akaitwa alete mafuta kwenye dumu, na Mathias akaja amebebwa nyuma yake, maana injini ya dizeli ikikauka inaingia hewa, na hewa haitoki kwa maombi. Mathias akatoa hewa. Akasafisha nozeli. Akabadilisha filta. Akamlaumu muuza mafuta, akalaumu tela lake mwenyewe, mwisho akalaumu umri.

"Wa gari au wangu?" Bibi akamuuliza.

Mathias akasema ana wateja wengine, akaondoka.

Safari ya pili Naserian alipanda mbele, akae na Bibi. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo alipouona ugonjwa.

Bibi Mwaija alikuwa hapiti mtu bila kumsalimia. Na alikuwa hasalimii akiwa anatembea. Kwake yeye, kupokea shikamoo huku gari linakwenda ilikuwa sawa na kuipokea huku unatafuna. Kwa hiyo alisimama. Mama muuza mihogo, simama. Mzee mwenye jembe, simama, zima, uliza nyumbani, uliza shambani, uliza mbuzi. Kisha washa, gia ya kwanza, kanyaga, moshi mweusi, tela zito likaanza kujikokota upya. Baada ya muda kidogo, simama tena. Njia nzima kutoka Magoma hadi Handeni inamjua Bibi Mwaija, na Bibi Mwaija anaijua njia nzima.

Kwenye mwinuko, baada ya kuvuka Korogwe, alisimama kumsalimia Mzee Mwinjuma, anayekaa kibarazani kwake palepale mlimani. Salamu zikaenda vizuri. Gari likakataa kuondoka. Likarudi nyuma kidogo, Naserian akaruka chini na kuweka jiwe kwenye tairi.

"Bibi," akasema, "punda wangu akipanda na maji simsimamishi. Kutembea hakumchoshi. Kuanza tena ndiko kunamchosha. Nikimsimamisha mlimani, hatoki."

"Umeliita gari langu punda?"

"Nimelisifu, Bibi."

Dizeli iliisha tena, karibu na nyumbani kuliko mara ya kwanza, lakini iliisha. Pesa za dumu la ziada nazo zikaisha, ikabaki safari moja. Mnada ulikuwa siku inayofuata safari hiyo. Likishindwa tangi la tatu, ng'ombe wa Naserian wanauzwa.

Bibi Mwaija alikuwa tayari kuendesha usiku, kuendesha bila kula, kuendesha na Mathias kwenye tela. Kupita watu bila kusalimia, hapana. "Nitasemwa," aliniambia. "Watasema Mwaija kapata tela kawa na kiburi." Nikamwambia kiburi alikuwa nacho hata kabla ya tela. Hakucheka.

Hussein ndiye aliyepata njia. Asubuhi aliwasha pikipiki na kutangulia, akisimama kila kibanda na kila kibaraza. "Leo Bibi hasimami. Ng'ombe wa watu wanakufa. Msalimieni akipita, atajibu kwa honi. Honi ndefu ni marahaba."

Bibi akafunga mzigo chini, akaufunika kwa turubai usishike upepo, akaondoka Magoma kwa tangi lilelile alilojaza Handeni. Gia ya tatu, mguu mwepesi. Mama wa mihogo alikuwa wa kwanza. Alikimbia kando ya gari.

"Shikamoo, Bibi!" Honi ndefu.

"Watoto hawajambo?" Honi.

"Na lile goti?" Honi mbili, fupi, za malalamiko.

Njia nzima ilikuwa hivyo. Watu walitoka wakasimama, kama sisi mwalimu wa zamu akiingia, ila hawa walikuwa wanafurahi. Sindano ya geji ya mafuta ilishuka polepole, kwa heshima.

Kisha ukaja mwinuko, na Mzee Mwinjuma kibarazani. Hapa ndipo honi ilipokosa maana. Mzee Mwinjuma ni mkubwa kwa Bibi Mwaija. Huyu anasalimiwa, na honi haijui kusema shikamoo. Naserian anasema aliona mguu wa Bibi unaacha mafuta na kuelekea breki.

Na Mzee Mwinjuma naye aliona gari linapunguza mwendo. Akainuka. Akavua kofia, akaipunga hewani, akapaza sauti ambayo watoto wake hawakuwa wameisikia kwa miaka mingi:

"Marahaba, Mwaija! Marahaba! Nimeshaipokea! Pita!"

Wasikilizaji wapendwa, mzee aliitikia shikamoo kabla haijatolewa. Aliitikia kabla haijatolewa, ili tela lisisimame. Bibi Mwaija akakanyaga. Pikapu ikapanda mlima ikiunguruma, moshi mwepesi, bila kurudi nyuma hata kidogo. Ilifika bomani kwa Naserian jua lingali juu, na dizeli ilibaki. Ilibaki ya kutosha kupita gereji kwa Mathias na kumpigia honi.

Ng'ombe hawakwenda mnadani. Walikula mabua mpaka mvua ikaja. Jumatano, kwenye mazishi, Naserian alisimama na akina mama, nikamuuliza habari zao. "Wapo," akasema. "Na wamezaa."

Tunatoa pole kwa Mama Hamisa na ndugu zake, kwa Mzee Mwinjuma ambaye bado anakaa kibarazani, kwa fundi Mathias ambaye siku ya msiba aliliosha tela bila kuambiwa, na kwa wote waliomzoea njiani. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tutafakari kitu kimoja. Mbele yako leo atapita mtu mwenye mzigo mzito. Usimlazimishe kusimama ili akuonyeshe heshima. Mwitikie kabla hajasema.

Na wewe, mke mwenzangu, utani umekwisha. Shikamoo, Bibi. Usijibu, tumeshasikia. Pita.