Papa Méschac, Mtafuta Baridi wa Nchelenge

Baada ya miaka ishirini na sita katika gereji ya Ushirika wa Wasafirishaji wa Ufukweni, hapa Nchelenge, fundi wetu Méschac Kalenga anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025. Kama umewahi kupanda basi letu dogo kwenda Mansa wakati wa joto, ukasinzia kwa raha hadi stendi, basi umeshafaidi kazi yake.

Papa Méschac, kama tunavyomwita wote, alivuka Ziwa Mweru mwaka 1999 akikimbia vita vya Kongo, pamoja na mkewe Fidélie na mfuko wa spana. Alianza kwa kuziba pancha. Siku gari la kwanza lenye kiyoyozi lilipoingia gerejini, alikaa ndani yake mpaka wakamtoa. Mama Fidélie anasema usiku ule mumewe aliota ziwa zima limepoa, akaamka akidai blanketi. Tunamtania kwamba ndoto ile haijaisha hadi leo.

Alifanya kazi taratibu, macho yamefumbwa. Gari likiletwa limeacha kutoa baridi, wengine tulikimbilia mtungi wa gesi, tukidhani imeisha. Yeye aliwasha injini, akasikiliza kompresa ikishika na kuachia, kisha akagusa mabomba mawili: moja ambalo lazima liwe la moto, na jingine ambalo lazima litoke jasho la baridi. Alisimama hivyo muda mrefu, upepo wa ziwani ukimpepea shati, ungedhani amelala. Akifumbua macho, ameshaujua ugonjwa.

Tuna desturi yetu huku. Samaki wabichi wa kupelekea ndugu hatuwaweki ndani ya gari. Tunawafunga mbele, kwenye grili, wapigwe na upepo njia nzima. Nyuma ya grili hiyo ndipo ilipo rejeta ya gesi ya kiyoyozi, inayopozwa na upepo, na magamba yakiziba nafasi zake, hewa haipiti na baridi inakatika. Kwa hiyo dereva aliulizwa kwanza alifunga nini mbele. Baada ya muda madereva wakawa wanaosha grili kabla ya kuja gerejini, kama watoto wanaofuta sukari mdomoni.

Mwaka huu vidole vyake vilianza kufa ganzi. Ni kisukari. Aliniambia mimi, Cadette, kwa kuwa nashughulikia umeme na meza zetu zinapakana. "Vidole yangu haisikie tena," alisema, akacheka kidogo. Mimi sikuweza kucheka.

Wiki iliyopita Chibwe, dereva wetu wa Mansa, alileta basi linalotoa hewa ya moto. Tulipima presha ya gesi, tukaikuta juu mno. Tukaipunguza, haikusaidia. Feni ilizunguka vizuri, grili iling'aa kwa usafi. Papa Méschac akaja, akafumba macho, akagusa bomba. Akasogeza vidole, akagusa tena, akarudia. Niliona anatafuta kitu ambacho hakimjii, na moyo ukaniuma.

Alinivuta pembeni. "Kama hii motokari inanishinda, ku fête sitakuya," alisema. Alimaanisha sherehe hii ya leo. Namjua, asingekuja kweli. Hakutaka kuagwa kama mtu wa kuhurumiwa.

Akarudi, akainama mbele ya basi mpaka uso ukakaribia kugusa grili, injini ikiunguruma. Alikaa hapo kitambo. Kisha akasema: "Iko nanuka samaki ya kupikwa."

Tulicheka. Nchelenge yote inanuka samaki, tangu sokoni hadi kanisani, na sisi tuliozaliwa humo hatuisikii tena harufu hiyo. Lakini yeye alisema hii si ya sokoni, hii inaiva. Tukafungua. Katikati ya rejeta ya gesi na ile ya maji ya moto ya injini, mahali pasipoonekana kutoka mbele, magamba yalikuwa yamejaa pomoni. Chibwe alikuwa ameosha grili kwa mpira wa maji ya nguvu ili asigombezwe, na maji yakayasukuma yote ndani. Alitazama chini, maskini, akasema ilikuwa samaki wawili tu aina ya pale, wa mama mkwe.

Tuliosha kutokea nyuma, tukarudisha gesi kipimo chake, tukawasha. Papa Méschac akanyoosha mkono hadi kwenye matundu ya hewa, akangoja. Uso wake haukubadilika. Akanigeukia na kuuliza polepole: "Cadette, mupepo iko natoka baridi?"

Nilimshika bega, nikamketisha kwenye kiti cha mbele na kufunga mlango, ili hewa ile impige usoni. Kupitia kioo nilimwona anafumba macho, halafu anatabasamu, halafu machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta. Chibwe alikuwa na abiria wanaongoja, lakini hakuna aliyegonga kioo.

Leo amekuja, ameketi safu ya mbele na Mama Fidélie. Papa, asante kwa miaka yote hii. Pumzika vizuri, ule vizuri, unywe dawa zako, na upepo wa ziwa ukukute usoni kila jioni. Sisi wa gerejini tunakupenda sana.