Mama Tope na Safu ya Pili

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja kazini, Mama Tope anakabidhi funguo za maabara. Wengi mnamjua kwa jina hilo kuliko lile la kwenye kitambulisho. Alianza kwa kuosha chupa za sampuli; anaondoka akiwa mkuu wa tathmini, yule anayeamua kama shamba letu la bahari ni salama kwa kila kiumbe kilichomo, si kwa samaki tunaowafuga tu.

Jina amelipata kihalali. Wengine wakiridhika na maji meupe ya juu, yeye huagiza tope la chini, kati ya miamba ya zege iliyozamishwa iwe makao ya samaki, kisha hulinusa kama anayekagua maziwa. Likinuka yai viza, ishara kwamba chini hakuna oksijeni, siku ya mtu imeharibika. Mkurugenzi aliwahi kumtania, "Mama, wewe hata keki utaichimba chini kwanza." Akajibu, "Chini ndiko inakoungua."

Mimi ni binti yake wa mwisho. Nimeombwa niandike kwa sababu ripoti zake huwa nazitafsiri nyumbani. Kusema mbele za watu siwezi, basi na hili niliandike.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nanakili jedwali lake la oksijeni kwenye ripoti. Safu ya kwanza, maji ya juu; ya pili, maji ya chini. Kwa haraka zangu nikajaza namba za juu kwenye safu zote mbili. Ripoti ikasema "salama", naye akaisaini kwa kuniamini.

Asubuhi ya kuachia vifaranga laki mbili wa samaki, mashua ikiunguruma, alifungua daftari lake akaona tofauti na ripoti. Alisimama gatini mbele ya mkurugenzi. "Ripoti si sahihi. Leo hakuachiwi kitu."

"Nani kakosea?"

"Sahihi ni yangu."

Akapewa onyo la maandishi. Akapima chini kila wiki, miezi kumi na minne, hadi tope likaacha kunuka. Vifaranga walioachiwa baada ya hapo ndio samaki mnaowaona leo kwenye kamera ya miamba.

Onyo lile bado limo kwenye faili lake. Mama, safu ya pili nilijaza mimi. Nimeshamwandikia mkurugenzi, ameahidi kuliondoa kabla hujakabidhi funguo.

Asante kwa kuosha, kwa kunusa, kwa kuninyamazia. Sote tunakuombea mapumziko yenye afya na furaha. Na popote uendako, ukianza kuchungulia chini, hatutashangaa.