Maisha ya Fundi Koti, Mshindi wa Pili

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Koti, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi viatu na mkunga. Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu zilimpiga chenga, isipokuwa zile za kupima. Hapo hata mwalimu alimwachia chaki.

Mwaka 1968 aliingia duka la ushonaji lililokuwa nyuma ya stendi. Alianza kwa kufagia vipande vya vitambaa, baadaye akakabidhiwa mkasi. Mwaka 1976 alimwoa muuza vifungo wa duka la jirani, baada ya kununua kifungo kimoja kimoja kwa miezi mingi, hadi binti huyo alipomuuliza, "Wewe, hilo koti lako lina matundu mangapi?" Walijaliwa watoto watatu.

Jambo lililomkaa rohoni ni la tarehe 14 Agosti 1983, siku ya mashindano ya mafundi cherehani. Kila fundi alitakiwa kushona koti la mwanaume. Marehemu alimpima shemeji yake, ambaye bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka tangu alipovunjika, akamkatia koti lililomkaa barabara, usingejua kama ana kasoro. Kosa lake ni kwamba hakuuliza makoti yangekaguliwaje. Yalitundikwa kwenye henga. La marehemu, likiwa halina mtu ndani, lilionekana limepinda. Akawasihi majaji wamwache shemeji alivae. Jaji mkuu akasema, "Fundi, sisi tunakagua makoti, hatukagui mashemeji."

Ukumbi mzima ukacheka. Nafasi ya kwanza ikaenda kwa jirani yake wa meza, Fundi Suruali, ambaye, kama jina lake linavyosema, makoti hayakuwa fani yake. Marehemu, aliyepewa nafasi ya pili, alimpa mkono, akarudi nyumbani, akakataa kula. Ilimuuma, na iliendelea kumuuma. Mtu akimsifia kazi, alijibu, "Kawaambie majaji." Mkewe alimwambia, "Baba watoto, majaji wenyewe wameshakufa." Haikusaidia.

Mwaka 2017 alianza kuugua moyo. Alipolazwa mara ya mwisho, Fundi Suruali alikwenda kumwona. Marehemu akamuuliza bila kuzunguka, "Siku ile ungekuwa jaji, ungempa nani?"

"Ningekupa wewe, kaka."

"Usinionee huruma. Sema kweli."

"Basi ningejipa mimi. La kwako lilikuwa limepinda."

Marehemu alicheka hadi muuguzi akaja kuwanyamazisha. Alipopata pumzi alisema, "Ndiyo maana mpaka leo unashona suruali."

Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2019, mkewe akiwa pembeni yake.

Fundi Suruali ameomba atajwe miongoni mwa wafiwa, tena awe wa pili, mara baada ya mjane. Familia ilikaa, ikajadiliana, ikakubali. Kwa hiyo marehemu ameacha mjane, Fundi Suruali, watoto watatu na wajukuu saba.

Mungu ampe pumziko la amani.