Meza ya Maji ya Chumvi katika Soko la Nafaka, Busia

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Amollo, msimamizi wa masoko; wazee na mama zetu wa soko; hamjambo nyote.

KARIBU

Sisi akina mama wauza nafaka tumefurahi kukuona. Umekuja kutuonyesha mchoro wa vibanda vipya, nasi tunaomba utusikilize kidogo kabla hujaukunja.

TULIKOTOKA

Meza yetu ilianza kwa sababu ya Auma, muuza mahindi mwenzetu. Mwaka jana, mvua ilipojaza mitaro, binti yake mdogo, Ikapel, alianza kuhara. Zahanati ilimpa Auma pakiti za ORS, ile chumvi ya kuchanganywa na maji, akaelezwa harakaharaka maana foleni ilikuwa ndefu. Akarudi, akachemsha lita moja ya maji, akayapoza, akatia pakiti mbili.

Hapa sokoni, mheshimiwa, gorogoro ya mahindi, ule mkebe wetu wa kupimia, haitoki bila nyongeza. Mteja unayempenda unamwongezea konzi juu.

"We Auma, si walisema moja?" jirani yake Brendah akamuuliza.

"Mteja tu namwongezea. Wangu ndiye nimpimie kama mpita njia?"

Kufikia jioni mtoto alikuwa akililia maji, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Auma akadhani dawa haijatosha, akachukua pakiti ya tatu. Brendah akamshika mkono. Wakapanda bodaboda hadi zahanati. Muuguzi aliposikia pakiti ni mbili, alimketisha Auma kwanza. Kisha akamweleza taratibu kwamba chumvi ikizidi huvuta maji kutoka mwilini badala ya kuyarudisha.

Ikapel alilazwa, akapona. Lakini Auma alikaa muda bila kuweza kumpimia mtu mahindi.

TULICHOFANYA

Tuliweka meza karibu na bomba: chupa ya lita moja, kikombe, kijiko, na pakiti tunazopewa na zahanati. Anayefundisha ni Auma mwenyewe. Kila pakiti ni ya lita moja, basi maji safi yawe lita moja kamili. Mtoto anyweshwe kijiko kwa kijiko. Akitapika, mama asubiri kidogo kisha aendelee. Asiachishwe kunyonya. Yaliyobaki tangu jana yamwagwe. Aanze mara tu mtoto anapohara, asingoje macho yaingie ndani. Mtoto akishindwa kunywa, abebwe zahanati mara moja.

Hata madereva wa malori wanaongoja kuvuka mpaka huja. "Boss, polepole, hiyo si soda," Auma huwaambia, nao hucheka wakiwa wameshika tumbo.

KINACHOTUTIA HOFU

Tumeutazama mchoro. Ni mzuri, na paa tulilililia sana. Pale penye meza pamechorwa kibanda. Tuliitafuta meza upande wa pili, hatukuiona. Labda hatujui kusoma michoro. Mvua ziko karibu, na bonde la Budalang'i likifurika, watoto wengi huletwa kwa jamaa zao hapa mjini.

OMBI

Hatuombi chumba. Tunaomba nafasi ya meza moja, karibu na maji.

Kama nafasi haipo, Auma amesema kibanda atakachopewa kiwe cha meza, naye auzie nje juani. Tulimkataza. Akasema, "Nyinyi mwambieni tu."

Tumekuambia.

Mungu akufikishe nyumbani salama, na watoto wa mlango wako wasijue kiu.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama Wauza Nafaka, Busia.
Imesomwa na Sharlyne, katibu.