Jiwe la Shitanda Lenye Pembe Sawasawa

Pale Ziwani, mtaa wa Nairobi, kwenye benchi la Jimale muuza kahawa, mwaka wa tisini na nne, hakuna jambo lililokosa mtaalamu. Asubuhi hiyo Shitanda alifika kwa miguu, na ajabu ilikuwa hiyo, maana tangu aanze kibarua Industrial Area hakuna aliyemwona bila baiskeli. Alifungua leso, akatoa jiwe jeupe la kung'aa, pembe zake sawasawa kama dadu ya ludo. Alilinyanyua juu wote walione.

—Almasi, alisema. Nimelipata kwa kutoa baiskeli.

—Buda, umetajirika! alisema Wesonga wa kanjo, askari wa baraza la jiji. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

—Lakini nani alilichonga hivi? aliuliza Jimale.

—Limejichonga.

Huyo alikuwa Mzee Ondiek, karani mstaafu wa reli, aliyeitwa Profesa kwa sababu hakutupa karatasi ya njugu kabla ya kuisoma. Ya leo ilitoka kwa kitabu cha sayansi, juu imeraruka.

—Sikizeni. "Kila atomi yenye chaji chanya huzungukwa na sita zenye chaji hasi: kulia, kushoto, mbele, nyuma, juu, chini. Zinazofanana husukumana, zisizofanana huvutana. Ndiyo maana fuwele huwa na umbo la mchemraba."

—Kama plot yetu ya vyumba vya kupanga, alisema Wesonga. Mwenye mdomo, mnyamavu, mwenye mdomo, mnyamavu. Weka wenye midomo wawili jirani uone. Hebu tulijaribu hili jiwe!

Kabla Shitanda hajasema ngoja, Wesonga alishaligonga kwa kokoto. Likapasuka vipande vinne, kila kimoja na pembe zake. Shitanda alipiga magoti kuviokota.

Profesa aligeuza karatasi.

—"Ikigongwa, hupasuka ikawa michemraba midogo." Hongera, kijana. Sasa una almasi nne.

Shitanda akapumua. Hapo akafika Kalekye, muuza sukuma wiki, kutafuta kikombe cha kahawa.

—Niaje wazee. Hiyo karatasi inaongea juu ya madini gani?

—Kichwa kimeraruka, alisema Profesa.

—Na hilo jiwe mmelionja?

Shitanda alilamba kipande. Akalamba tena, pengine kosa ni la ulimi.

—Chumvi, alisema.

—Si nilisema haulambwi ukiwa mtupu? alisema Wesonga.

Profesa alikunja karatasi taratibu.

—Lakini umbo nililieleza vizuri.

Jimale aliinamisha birika, likatoa tone moja. Kalekye alimwangalia Shitanda kwa huruma.

—Kazini unaingia saa ngapi?

—Saa mbili.

—Na utafika na nini?

Shitanda alifunga vipande vyake kwenye leso, akaanza kutembea kuelekea Industrial Area.